Makazi hai kwa tarantula: udongo, isopodi na hofu ya kujivua gamba

Swali: Shikamoo mtaalamu. Nina tarantula jike wa aina ya Tliltocatl albopilosus. Miguu yake ikinyooka anafika sentimita 12 kutoka ncha hadi ncha. Kwa sasa anaishi kwenye boksi la plastiki lenye kokopiti tupu (unga wa makumbi ya nazi) na nusu ya chungu cha kujifichia. Nimepata tangi la kioo la sentimita 45 kwa 30, na kimo chake ni sentimita 30. Nataka kumjengea makazi hai, yale wanayoyaita bayoaktivu: mimea, na vijidudu vya udongoni kama isopodi na kolembola, vyote. Ila ushauri ninaousoma unagongana. Mmoja anasema ni lazima kuweka tabaka la kokoto chini la kupokea maji, mwingine anasema isopodi watamla buibui siku atakapojivua gamba. Nianzie wapi? Kuna faida kwake kweli, au ni pambo langu mimi? Pia nina kitoto cha tarantula mwingine, Caribena versicolor, cha sentimita 2. Naye nimjengee vivyo hivyo?

Jibu: Marahaba. Nianze na swali la faida, kwa sababu hilo ndilo litakaloamua mengine yote.

Tarantula hahitaji makazi hai ili aishi vizuri. Boksi lenye udongo wa kina, mahali pa kujificha na bakuli la maji vinamtosha, na majike wa aina nyingi wamefugwa hivyo kwa zaidi ya miaka 20. Utasikia sana kwamba viumbe wa udongoni watakufanyia usafi. Hoja hiyo ina uzito kwa chura au mjusi, ambaye anakula na kuchafua karibu kila siku. Tarantula mzima anakula mdudu mmoja kwa wiki moja au mbili, anaacha madoa machache ya kinyesi cheupe na kidonge cha mabaki yaliyotafunwa, basi. Uchafu huo hautoshi hata kulisha kundi dogo la isopodi. Likumbuke hili, kwa sababu makazi mengi ya tarantula yanaharibikia hapo.

Faida ya kweli iko kwenye unyevu. Udongo mbichi uliofungiwa ndani ya kioo bila kiumbe hai hata mmoja huota ukungu, huchacha na kutoa harufu ya kuoza. Mfugaji akiona hivyo huukausha wote, na buibui aliyehitaji ubichi kule chini anabaki kwenye vumbi. Udongo wenye kolembola, isopodi na mizizi ya mimea unaweza kukaa na unyevu kwa miaka bila kuchacha, kwa sababu kila kinachotaka kuoza kina wa kukila. Kwa hiyo kabla ya kumjengea buibui yeyote makazi hai, jiulize kama anataka udongo wenye ubichi.

Wako anataka, kwa kiasi. Tliltocatl albopilosus ni wa Amerika ya Kati, kuanzia Honduras hadi Kosta Rika, na hukaa kwenye mashimo chini ya mizizi na magogo. Anavumilia uso wa udongo ukiwa mkavu mradi chini kuna unyevu. Ni miongoni mwa tarantula wanaofaa zaidi kwa jaribio la kwanza, maana hata ukikosea kidogo upande wa ukavu au wa ubichi hatateseka upesi. Ungekuwa na Aphonopelma chalcodes wa jangwa la Sonora, Grammostola rosea wa Chile, au Pterinochilus murinus wa nyika za Afrika, ningekwambia uache. Hao wanataka udongo mkavu, isopodi na kolembola watakufa humo, na ukiulowanisha ili wadudu wako waishi utakuwa umemtesa buibui kwa ajili ya watumishi wake.

Sasa tangi lako. Kimo cha sentimita 30 ni kingi kwa tarantula wa ardhini. Wana mwili mzito na tumbo lenye ngozi laini, nao hupanda kioo usiku. Akianguka kutoka juu tumbo linaweza kupasuka, na tarantula aliyepasuka tumbo mara nyingi haponi. Wafugaji wamezoea kuacha nafasi kati ya udongo na mfuniko isiyozidi mara moja hadi mara moja na nusu ya urefu wa miguu ya buibui iliyonyooka. Kwako ni sentimita 12 hadi 18. Maana yake udongo uwe na kina cha sentimita 14 hivi, ukipanda hadi 16 upande mmoja. Hiyo ni karibu lita 19, na kwa kuwa utaushindilia, andaa lita 22.

Hesabu hiyo inajibu pia suala la kokoto. Tabaka la kupokea maji lilianzia kwenye matangi ya vyura na mimea ya msitu wa mvua, ambako maji hunyunyizwa kila siku na ziada lazima ipate pa kwenda. Tangi la tarantula halipokei maji ya namna hiyo. Ukiweka sentimita 5 za kokoto umemnyang'anya buibui theluthi ya udongo wake. Juu ya kokoto utahitaji wavu ili udongo usizame, na buibui anayechimba ataufikia wavu huo. Kucha za tarantula hunasa kwenye wavu, naye akijitahidi kujinasua anaweza kupoteza mguu. Na chini ya wavu kutakuwa na maji yaliyotuama usiyoweza kuyaona vizuri wala kuyatoa. Mimi nasema usiweke. Kama una wasiwasi wa kuzidisha maji, dawa yake ni kupunguza maji.

Udongo wenyewe ndio moyo wa kazi hii, kwa hiyo usiufanyie haraka. Kokopiti tupu haifai: ikikauka inakuwa unga unaoporomoka, shimo halisimami, na haina chakula cha kuwatosha viumbe wa udongoni. Chukua lita 13 za udongo wa juu usio na mbolea, lita 6 za kokopiti na lita 3 za mchanga laini uliooshwa. Changanya na konzi mbili tatu za majani yaliyokwisha kuoza na vipande vidogo vya mkaa wa kuni wa kawaida. Mkaa hushika unyevu, na vitundu vyake ni makao mazuri ya kolembola. Lowanisha mchanganyiko polepole huku ukiugeuza, kisha kamata konzi moja uikamue. Ukishikamana bila kudondosha maji, na shimo ulilolitoboa kwa kidole likasimama, umepata. Ukidondosha, utandaze upungue maji. Ukimeguka hapo hapo, ongeza kidogo. Sehemu utakayoijaza kwanza iwe na ubichi huo, na sentimita 3 za juu ziwe kavu zaidi.

Kuwa mkali sana juu ya kilichomo kwenye udongo huo. Udongo wa kupandia maua unaouzwa kwenye mifuko mara nyingi una mbolea, na wakati mwingine dawa ya kuua wadudu. Buibui na isopodi hawana kinga dhidi ya dawa hizo. Mimea ya dukani nayo huwa imepigwa dawa zinazoingia ndani ya tishu, kama imidakloprid, ambazo hubaki kwa miezi. Osha mizizi mpaka udongo wa kiwandani uishe, panda upya kwenye udongo wako na uuweke mmea pembeni kwa wiki kadhaa kabla hujauingiza tangini. Piretrini za ua la pareto na jamaa zake za viwandani, zilizomo kwenye dawa za kupuliza mbu na nyingi za kuzuia viroboto wa mbwa, humwua tarantula hata zikimfikia kwa mikono yako. Mkono uliomshika mbwa aliyepakwa dawa usiingie tangini kabla ya kuoshwa vizuri.

Kwenye majani makavu, usiokote yoyote yale. Mwarobaini epuka kabisa. Una azadiraktini, kemikali inayovuruga homoni za kujivua gamba za wadudu, na ndiyo sababu wakulima wanautumia kama dawa. Kuuweka kwenye makazi ya viumbe ambao maisha yao yote yanategemea kujivua gamba ni hatari isiyo na sababu. Acha pia mkaratusi, msonobari na mierezi, kwa ajili ya mafuta yake yenye harufu kali. Majani ya mkungu ni mazuri sana. Ni makubwa, huoza taratibu, na wafugaji wa duniani kote wanayatumia. Yaokote makavu, mbali na barabara na mashamba yanayopigwa dawa, yachemshe dakika chache kuua mayai ya utitiri na tandu wachanga, kisha yaanike.

Maji. Hapa ndipo utakapopaangalia maisha yote ya tangi hili. Usinyunyize. Tarantula huchukia kurushiwa maji, na unyunyizaji hulowesha uso wa udongo, mahali palipotakiwa kuwa pakavu, huku chini pakiendelea kukauka. Chagua kona moja, ile yenye udongo mwingi, na mimina maji hapo taratibu ukifuata ukingo wa kioo ili yashuke mpaka sakafuni. Kwa tangi la ukubwa huo anza na kikombe kimoja, mililita 250 hivi, kisha acha kioo kikuongoze. Ukitazama kwa pembeni utaona udongo mweusi chini na mweupe juu. Ule mweusi ukishuka chini ya theluthi ya kina, ongeza. Ukipanda juu ya nusu, ngoja hata wiki sita. Usifuate ratiba ya kalenda, kwani joto la chumba na msimu hubadilisha kila kitu. Kwa kufanya hivyo unampa buibui kona mbichi, kona kavu na kila hali iliyo katikati, na yeye mwenyewe atakuonyesha anapopapenda. Bakuli la maji safi liwepo siku zote, bila sponji, maana sponji huzaa bakteria na haimsaidii kitu.

Unyevu bila hewa ni sumu. Tangi lenye matundu machache ya juu tu hushika hewa nzito chini, kwa hiyo kama kioo chako hakina matundu ubavuni, fanya mpango yawepo upande mmoja au kwenye mfuniko kwa wingi. Mifuniko mingi ya matangi ya dukani ni wavu wa chuma, na huo ni hatari ile ile ya kucha kunasa, safari hii buibui akiwa ananing'inia kichwa chini. Badilisha na bamba la akriliki lililotobolewa matundu madogo kuliko kichwa-kifua cha buibui. Taa ya joto na mkeka wa joto chini ya tangi usiweke. Tarantula akisikia joto kali huchimba kwenda chini, na mkeka ukiwa chini anachimba kuifuata hatari. Joto la chumba kati ya nyuzi 20 na 28 za Selsiasi linamtosha.

Sasa wale watumishi. Kolembola kwanza. Ni vijidudu vyeupe vya milimita 1 hadi 2, vinavyokula ukungu, vyenye kimkia kilichokunjwa chini ya tumbo kinachovirusha vikishtuka. Wanaofugwa sana ni Folsomia candida, ambao majike huzaa bila dume, kwa hiyo hata mbegu ndogo hujaza tangi. Hawawezi kumdhuru buibui kwa namna yoyote. Kama ungetaka kuweka kiumbe mmoja tu, ningekwambia weka hawa, na tangi lako lingekuwa tayari limepata sehemu kubwa ya faida niliyoieleza.

Isopodi ndio wanaohitaji uchaguzi. Hawa ni wa ukoo wa kaa na kamba, waliohamia nchi kavu lakini bado wanapumua kwa viungo vinavyotaka unyevu, ndiyo maana utawakuta daima upande mbichi. Wengi hawana tabia moja. Chagua Trichorhina tomentosa, isopodi wadogo weupe wasiozidi milimita 5, ambao nao majike huzaa bila dume. Wanaishi ndani ya udongo, hawaonekani sana juu, na hawana haja kubwa ya protini. Kumi na tano hadi ishirini wanatosha kuanzia.

Najua utavutiwa na wakubwa wenye rangi. Wanapendeza, na mtu akiwaweka kwenye tangi lao wenyewe anapata burudani ya kutosha. Ila Porcellio laevis na Porcellio scaber siwapendekezi kwa tarantula. Ni wakubwa, wepesi, huzaliana haraka, na wana njaa ya protini. Hapa ndipo hofu yako ya kujivua gamba inapopata msingi. Tarantula anayejivua hulala chali kwa saa nyingi, hajimudu kabisa, na akimaliza gamba jipya ni laini na meno yake ni meupe, hayawezi kumng'ata mtu wala mdudu. Kiumbe yeyote mwenye taya na njaa anaweza kumtafuna katika saa hizo. Isopodi wakubwa waliosongamana, kwenye tangi lisilo na majani ya kutosha, wanaweza kufanya hivyo. Isopodi wadogo wa udongoni wenye chakula tele hawana sababu wala ukubwa wa kufanya hivyo. Anayekwambia isopodi wote ni hatari anasema kweli nusu, na anayekwambia hakuna hatari kabisa naye hivyo hivyo.

Nikuongezee kwamba adui mkubwa zaidi wa tarantula anayejivua ni nyenje uliyemtia tangini mwenyewe. Kwenye boksi la kokopiti tupu nyenje ambaye hakuliwa unamwona na kumtoa. Kwenye makazi hai anaingia chini ya majani, anaishi humo wiki nzima, kisha anatoka usiku ambao buibui amelala chali. Hii ndiyo hasara halisi ya makazi hai, na naona watu wanaizungumzia kidogo mno. Lisha kwa kibano, mbele ya shimo, na usiondoke mpaka umeona amekamata. Mende ponda kichwa kwanza, maana akizama udongoni hutamwona tena. Asipokamata, mtoe mdudu siku hiyo hiyo. Ukiona buibui amekataa chakula, kipara cha tumboni kimegeuka cheusi, au ameziba mlango wa shimo kwa utando, acha kulisha kabisa. Jaza bakuli la maji na usiguse kitu. Baada ya kujivua, subiri meno yatoke weupe, yapite wekundu, yawe meusi. Kwa aliyefikia ukubwa huo ni wiki moja hadi mbili.

Chakula cha watumishi ni majani. Nimesema uchafu wa buibui hauwatoshi, basi sakafu ya tangi iwe na majani makavu ya kutosha kufunika theluthi mbili ya uso, na uyaongeze kila unapoona yamebaki mishipa. Tupia ganda la yai lililosagwa kwenye kona mbichi, kwa kuwa isopodi wanahitaji kalsiamu kwa magamba yao. Mboga, vyakula vya samaki na vipande vya matunda usitie humo. Vinaliwa na isopodi, ndiyo, lakini vinaita utitiri wa nafaka haraka kuliko chochote, na pia vinawanenepesha isopodi wakawa wengi kupita kiasi. Idadi yao ikitegemea majani peke yake itajipima yenyewe. Kidonge cha mabaki ya buibui ukikiona, kitoe kwa kibano. Isopodi wangekimaliza siku moja, lakini inzi wadogo wa jamii ya Phoridae wanakifikia kabla yao.

Mimea nitaipitia upesi, kwa sababu ni ya mtazamaji zaidi kuliko ya buibui. Kinachofaa ni kigumu, kisicho na miiba, kinachovumilia mwanga hafifu: poto, sansevieria ndogo, klorofitamu. Taa ya LED ya mwanga mweupe iwake kwa muda wa saa 8 hadi 10 kila siku, inatosha, na hakikisha buibui ana kivuli kamili cha kukimbilia. Panda mmea ukiwa ndani ya kijichungu chake na uzike chungu chote, maana buibui wako akiamua kuhamisha udongo ataung'oa usiku mmoja. Akiung'oa mara ya pili, muachie nafasi hiyo. Ni yake.

Ukishaweka udongo, laza kipande cha gome la koki, la ule mti unaotengenezewa vizibo vya chupa, kwa mshazari upande mkavu, na umchimbie chini yake shimo la kuanzia la sentimita 7 au 8. Kisha tia kolembola, tia isopodi, tandaza majani, funga, na usimweke buibui. Subiri wiki 4 hadi 6. Ndani ya wiki mbili za kwanza gome na mbao vitaota ukungu mweupe kama pamba, na utatamani kuanza upya. Usifanye hivyo. Ukungu huo unakula sukari iliyobaki kwenye mbao mpya, na kolembola wanaula ukungu. Unapanda, unashuka, kisha unaisha. Ukungu unaorudi kila mara baada ya hapo, pamoja na harufu ya uvundo, ni dalili ya maji mengi au hewa kidogo. Udongo uliokomaa unanuka kama ardhi baada ya mvua. Chimba kidogo kwenye kona mbichi: ukiona kolembola kila unapogusa, na isopodi wachanga weupe kama chembe za chumvi, tangi liko tayari.

Kumhamisha, mfunike kwa kikombe angavu, pitisha kadi chini, umtoe mbele ya gome. Aina yako ina nywele za tumboni anazozirusha kwa miguu ya nyuma, na nywele hizo huwasha ngozi na zinaweza kujichoma kwenye jicho na kuliletea matatizo ya muda mrefu. Kwenye makazi hai nywele hizo hukusanyika udongoni na kwenye utando mwaka baada ya mwaka, kwa sababu humwagi udongo wote kama zamani. Kwa hiyo kila unapopanda, unapochimba au unapoongeza majani, vaa glavu na usiinamishe uso juu ya tangi. Siku za kwanza atapanda kioo au kukaa kona moja bila kula. Mwache. Wengine huchukua wiki kadhaa kabla ya kukubali shimo, na wengine wanalikataa wanachimba lao.

Wageni wasioalikwa watakuja, tena mapema. Vijinzi vyeusi vinavyotembea juu ya udongo ni kero tu, vikikuonya kwamba uso umelowa mno. Utitiri una maana zaidi. Watu wengi huwachanganya na kolembola, lakini kolembola ni mrefu na huruka ukimgusa, hali utitiri ni wa mviringo, huenda polepole na hujazana kwenye mabaki ya chakula. Wachache ni sehemu ya udongo wowote wenye uhai. Wakianza kuganda kwenye viungo vya miguu ya buibui au kuzunguka mdomo wake, mtoe buibui kwenye boksi kavu lenye maji ya kunywa, kausha tangi kwa kiasi na uondoe kila mabaki. Kuna pia utitiri wawindaji, Stratiolaelaps scimitus, ambao hula wenzao hao na hawamgusi buibui. Ila jua kwamba watapunguza kolembola wako pia. Kitu kimoja cha kukuogopesha kweli ni ute mweupe mdomoni mwa buibui aliyeacha kula. Hao ni minyoo wadogo sana wa kundi la nematodi. Tiba ya kuaminika hakuna, na huyo lazima atengwe na wengine mara moja, na vibano vyake visitumike kwingine. Nunua isopodi na kolembola waliozalishwa na wafugaji kwa sababu hiyo. Wa kuokota chini ya mawe wanaweza kuja na minyoo, utitiri na tandu wachanga.

Baki la swali lako ni Caribena. Huyo usimjengee, kwa sasa. Kitoto cha sentimita 2 kwenye tangi la mimea hutakiona, hutajua amekula lini, na isopodi yeyote aliyekomaa anakaribia nusu ya mwili wake. Tena Caribena versicolor ni wa juu ya miti, wa kisiwa cha Martinique penye upepo wa bahari, na vitoto vya aina hii hufa zaidi kwa hewa nzito yenye unyevu kuliko kwa kiu. Mweke kwenye kijikopo kilichosimama chenye matundu pande mbili zinazotazamana, kipande cha gome kilichoegemea ukuta, sentimita 2 za udongo ule ule, na kolembola kumi hivi wa kuzuia ukungu. Dondosha maji kidogo upande mmoja wa udongo, na tone moja juu ya utando wake mara moja au mbili kwa wiki ili anywe. Akifika sentimita 6 au 7, atakuwa tayari kwa tangi refu la kusimama, na hapo mimea unaweza. Isopodi wale wale wadogo watamfaa, kwa kuwa yeye ataishi juu na wao chini. Tofauti kubwa na tangi la huyu mwenzake itakuwa kwamba hewa ipite ubavu kwa ubavu, udongo usizidi sentimita 5 au 6, na uache sehemu ya juu kabisa wazi bila majani, maana atajenga utando wake huko na kujivulia gamba humo humo.